Makuti, jiko na bei ya bima ya nyumba

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja wa Barani, hapa Malindi, ameshika karatasi mbili za bei ya bima ya moto. Nyumba yake na ya dadake zimejengwa na fundi mmoja, mawe yametoka machimbo mamoja, mabati yamenunuliwa duka moja. Mbona yeye anatozwa zaidi? Nikamuuliza, "Mama, wewe juu umejenga nini?" Akafikiri kidogo. "Ah, ni baraza tu la makuti, la kupunga upepo."

Baraza hilo ndilo analolilipia.

Mimi ni wakala wa bima, na nataka ujue bei yako inavyopangwa kabla hujaweka sahihi. Anza na paa. Toka nje, uizunguke nyumba yote, uandike kila penye makuti: baraza, jiko la nyuma, kibanda cha mlinzi, hata kivuli cha gari kama kimegusana na ukuta. Kampuni huitazama nyumba kwa vitu vinavyoshika moto. Kuta za mawe na paa la mabati, vigae au zege ziko kundi la bei nafuu. Makuti yamo kundi jingine, na kampuni nyingine hazitaki kuyasikia. Si uonevu. Makuti yaliyopigwa na kaskazi tangu Disemba mpaka Machi, chini yake kombamoyo na fito kavu, yanataka cheche moja tu.

Kisha mtazame jirani. Paa lako ni mabati, lakini kama lake ni makuti na yapo hatua nne kutoka dirisha lako, moto wake ni wako. Lamu jambo hili ni zito zaidi: kuta za mawe ya matumbawe ni nene, ndiyo, lakini dari ni boriti, juu mara nyingi pana makuti, na gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vile. Mwenye nyumba wa huko aeleze maji yako wapi: kisima, birika, tangi la juu, pampu. Na asikimbilie kubadili paa ili apunguziwe bei. Mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hivyo aulize kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa, wanaoutunza.

Sasa fomu. Hapa nakuomba unisikilize. Mwaka wangu wa pili kazini, mteja wa Muyeye aliniambia paa lake ni mabati, nami nikaandika mabati bila kwenda kuona. Kwa nyuma alikuwa na jiko la makuti lililoegemea nyumba. Alasiri moja ya Februari makaa yakarusha cheche, jiko likaisha na chumba cha watoto kikaungua. Mkadiriaji wa hasara alichutama kwenye majivu, akaokota kipande cha kuti kilichoungua nusu, bado kimefungwa kamba kwenye ufito wake, akakipiga picha. Kampuni haikulipa hata shilingi. Yule mzee hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo sijazi fomu ya nyumba nisiyoikanyaga. Wakala wako asipokuja, mwite.

Thamani nayo huwakosesha wengi. Unakatia bima gharama ya kuijenga nyumba upya, si bei ya kuiuza. Kiwanja cha karibu na bahari kinaweza kupita bei ya nyumba yenyewe, na ardhi haiungui, usiilipie. Lakini usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Tuseme kuijenga upya ni 6,000,000, wewe umeandika 3,000,000. Moto ukila vitu vya 800,000, utalipwa 400,000, kwa sababu umekatia bima nusu ya nyumba. Hapo bado hawajatoa ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi, bei hushuka, ila hakikisha fedha hizo unazo.

Ya kushusha bei kwa haki yapo. Mtungi wa gesi ukae nje ya jiko, mpira wake usiwe umepasuka. Nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni, akupe karatasi. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe na kibandiko cha huduma ya mwaka huu. Makuti yakipigwa dawa ya kuzuia moto, tunza risiti na tarehe, maana mvua za masika huiosha. Piga picha za yote hayo, uziambatanishe na fomu, kisha uombe bei kwa kampuni tatu.

Ukiletewa bei, uliza kama tozo zimo ndani. Juu ya bei hiyo kuna 0.2% ya mafunzo ya kazi ya bima, 0.25% ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwa bei ya 15,000 utatoa 15,107.50.

Yule mama wa Barani hakutaka kulivunja baraza. Mumewe marehemu ndiye aliyelijenga. Tulipanda juu pamoja. Pembeni, chini ya makuti, palikuwa na jiko la makaa la kukaangia samaki, na makuti ya juu yake yamekuwa meusi kwa moshi. Tulilishusha uani saa ileile, na fundi wa dawa anakuja Jumamosi.