Kabla ya kuchukua seli shina ukingoni mwa konea: picha kwanza

Mafunzo ya upasuaji wa macho huelekeza kipande cha seli shina, zile zinazozalisha upya utando wa juu wa konea, kikatwe kwenye jicho zima ili kipandikizwe kwenye jicho lililoungua, kwa mfano kwa chokaa. Hukatwa sehemu ya juu ya ukingo wa konea, pale kioo cha jicho kinapokutana na weupe. Sababu ipo: seli hizo ni nyingi zaidi juu na chini kuliko pembeni. Ila kwa mgonjwa aliyekulia Kongwa, Mpwapwa au Chamwino, mkoani Dodoma, hapo hapo juu ndipo trakoma (vikope) hupenda kuacha makovu. Asikatwe mtu kabla ya picha.

Anza na jicho litakalopandikizwa. Wekundu uwe umetulia, na nywele za kope zilizogeukia ndani zirekebishwe kwanza, la sivyo zitakwangua utando mpya kila anapopepesa. Pima machozi kwa karatasi ya Schirmer bila ganzi. Chini ya milimita 5 kwa dakika 5 ni ukavu mkali, na kipandikizi kinaweza kisishike.

Jicho litakalotoa kipande ndilo linalotaka muda. Uliza bila haraka: chokaa iliporuka, iliingia jicho moja au yote mawili? Jicho linaloonekana zima huenda nalo lilipoteza seli, na ndilo pekee alilobaki nalo. Mgonjwa atazame chini, inua kope la juu, kagua kwa slitilampu, darubini ya macho yenye mwanga mwembamba. Mistari iliyojipanga kama meno ya kitana kuelekea konea ni palisedi za Vogt, makazi ya seli shina. Kwa Waafrika rangi ya melanini huzidhihirisha. Kwa wazee hufifia, na kufifia pekee si ushahidi kwamba seli zimekwisha. Vishimo vya duara ni vya Herbert, alama ya trakoma ya zamani. Vinaweza kudanganya kwenye picha, kwa kuwa navyo hujazwa na utando wa juu. Palipo na vishimo, sogeza mahali pa kukata.

Picha ya OCT ya sehemu ya mbele, inayoonyesha tabaka za jicho kwa mwanga, itangulie, kwa sababu haigusi jicho. Konfoko, darubini inayogusa jicho na kuonyesha seli zenyewe, ifuate, kwa ganzi na jeli. Uwanja wake ni takriban mikromita 400 kwa 400 tu, hivyo ielekeze pale OCT ilipoonyesha matumaini. Kuzunguka ukingo mzima humchosha mgonjwa bure. Msaidizi ashikilie kope kwenye mfupa wa nyusi. Akikandamiza jicho, ukingo hubonyea na vipimo vinapotoka. Picha ikififia, tone la machozi bandia mara nyingi hutosha.

Alama ya wino ya mahali pa kukata iwekwe mgonjwa akiwa ameketi, kwa kuwa jicho huzunguka kidogo anapolala. Mzingo wa konea ni kama milimita 37, basi nyuzi 10 za kosa ni milimita 1, nusu ya upana wa kipande cha SLET (njia rahisi ya kupandikiza seli shina za ukingo), ambacho ni milimita 2 kwa 2. Kwenye fomu andika jicho la kulia au kushoto, juu au chini, pamoja na nyuzi. Usiandike “saa 6”: mmoja ataisoma juu, mwingine chini.

Juu na chini kote kukiwa na makovu, jicho hilo liachwe. Njia mojawapo inayobaki ni kipande cha ndugu au cha marehemu, na hapo mgonjwa na familia waelezwe mapema kuhusu dawa za kushusha kinga, gharama zake na vipimo vya damu vya mara kwa mara.