Kabla ya Kupasuliwa Mgongo kwa Tundu Dogo: Andaa Nyumba Kwanza

Anza na swali ambalo wengi hulikwepa: lazima upasuliwe? Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, ikichomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi tu. Kisu ni cha yule ambaye maumivu yamegoma, au mguu unazidi kulegea. Ila ukishindwa kukojoa, au ganzi ikikushika pale unapokalia, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Uwe unakwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali binafsi, beba picha zenyewe za MRI, kile kipimo kinachoonyesha diski na mishipa ya fahamu, siyo karatasi ya majibu peke yake. Bima ifuatilie mapema, upate kibali kwa maandishi. Taja kila unachomeza, mitishamba ikiwemo. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, daktari ndiye aseme uziache lini, usijiamulie. Sukari na presha ziwe zimetulia. Sigara acha, inachelewesha kupona. Ukiambiwa usile kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, uji ni chakula, na chai ya maziwa ni chakula.

Sasa nyumba. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Shemeji yangu, fundi magari, alipasuliwa akaruhusiwa kesho yake. Kidonda hakikufika sentimita 3, plasta moja imekifunika. Mguu uliomnyima usingizi ulikuwa kimya. Wageni wakaja na machungwa, wakaichungulia ile plasta, wakacheka: "Yaani hii ndiyo opresheni?" Naye akaamini. Alfajiri moja maji ya bomba yakarudi baada ya mgao, dada ametoka, ndoo zimejaa uani. Akainama, akanyanyua ya lita 20, akageuka kuimimina kwenye pipa. Kuinama, kunyanyua mzigo na kujipinda: yote matatu aliyokatazwa, kwa mkupuo mmoja. Dada aliporudi alimkuta kang'ang'ania ukingo wa pipa, jasho linamtoka, hawezi kupiga hatua. MRI mpya ikaonyesha kipande kingine cha diski kimetoka palepale. Akalazwa upya, na gereji ikafungwa tena.

Elewa kilichotokea. Tundu ni dogo kwa ngozi na misuli, kwa kuwa daktari hupitisha mrija akaitanua misuli badala ya kuikata. Ndani kazi ni ileile: kipande kinachobana kinatolewa, na ganda la diski linabaki na upenyo unaochukua wiki kadhaa kuziba kwa kovu. Plasta haikuonyeshi hilo.

Kwa hiyo kabla hujalazwa, mtaje kwa jina mtu wa kuchota maji. Siyo "watoto wapo". Fulani, asubuhi na jioni, mpaka daktari akuruhusu kubeba. Sabuni, sufuria na viatu vipandishe usawa wa kiuno. Kama choo ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha chooni mapema. Godoro lisiwe sakafuni. Siku ya kutoka, omba gari dogo ulaze kiti nyuma kidogo. Bajaji kwenye mashimo ya mtaani utaijutia, na kusimama kwenye basi la mwendokasi usithubutu. Nunua mapapai pia, kwani baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua chooni na mgongo mbichi siyo mchezo.

Lakini usilale kutwa kama mzazi wa siku 40. Tembea kidogo kidogo, mara nyingi, na kliniki ya mazoezi ya viungo usiikwepe. Ganzi ya mguuni ikichelewa kuisha usipaniki. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza kuchukua miezi.

Na mama wakubwa watakuja na maji ya moto na mafuta ya nyonyo, wakukande. Washukuru, wape chai, mgongo usiwape. Bodaboda usipande. Gari usiendeshe ungali unameza dawa zinazoleta usingizi. Homa ikipanda, kidonda kikitoa majimaji, kichwa kikiuma kila ukiketi, au shavu la mguu mmoja likivimba, rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.