Jinsi ya kujua majina ya utani ya majimbo ya Marekani yalitoka wapi

Wadau mnaojiandaa na kwizi hapo Kampala, msikariri orodha ya majimbo 50, itawatoka tu kichwani. Kila jina liulize kwanza: wewe ni la ardhi, la tarehe, ama la watu?

Ya ardhi hayasumbui. California ni Golden State juu ya dhahabu ya 1848, Nevada ni Silver State juu ya madini ya fedha ya Comstock Lode, 1859, songa mbele. Ya tarehe shika 1776 tu, mwaka wa kutangaza uhuru, ndo utaelewa mbona Colorado iliyoingia kwenye muungano 1876 inaitwa Centennial State, yaani jimbo la miaka mia. Delaware ni First State, iliidhinisha katiba kabla ya wengine wote, 7 Desemba 1787.

Ya watu sasa ndo matamu, hapa usiharakishe. Ukisikia Wisconsin ni Badger State utadhani ni habari ya mnyama, huyo ndugu wa nyegere wetu, kumbe ni wachimba madini ya risasi (lead) wa miaka ya 1820 na 1830 waliokuwa hawana nyumba, baridi ikija wanalala kwenye mashimo waliyochimba wenyewe mlimani, basi watu wakawabandika jina la mnyama anayeishi shimoni. Oklahoma nayo, 22 Aprili 1889 serikali ilifungua ardhi saa sita mchana, watu wamejipanga mpakani wanangoja ishara wakimbilie viwanja, kumbe kuna wenzao washajipenyeza mapema, hao ndo waliitwa sooners, lilikuwa tusi kabisa na leo jimbo zima linajivunia Sooner State. Na hapo uliza pia ardhi ilikuwa ya nani maana stori nyingi zinaruka hiyo sehemu: ilikuwa ya Creek na Seminole, makabila ya wenyeji wa Marekani, walibanwa waiachie 1866.

Kuna jina linaloshikiliwa na maneno ya mtu mmoja, kama sisi na Lulu ya Afrika aliyoiandika Churchill 1908. Missouri, Show Me State, wengi wanampa mbunge Willard Vandiver na hotuba yake ya Philadelphia, 1899, lakini stori zingine zipo so sema "inasemekana". Na wakikuuliza Hoosier State ya Indiana imetoka wapi usibuni kitu jamani, wanahistoria wenyewe hawajakubaliana, jibu sahihi ni hilohilo.