Jinsi ya kuonyesha sinema mtaani wakati kila mtu ana muvi mfukoni

Nimekulia kwenye banda umiza la mjomba wangu, Mbagala, Dar es Salaam. Televisheni ya inchi 21, deki ya kaseti, mabenchi sita ya mbao, na mimi mlangoni na kopo la kiingilio. Siku ikiwekwa kaseti aliyotafsiri Lufufu, yule msimuliaji maarufu wa muvi kwa Kiswahili, watu walining'inia dirishani. Leo watu wale wale wana muvi kwenye simu, lakini kila Jumamosi uwanja wangu unapata watu themanini, mwisho wa mwezi wanazidi mia. Wanaotaka kuanza huniuliza nafanyaje, basi naeleza.

Jua kwanza watu wanafuata nini. Netflix ilipoingia kwetu Januari 2016, mabanda mengi yalikuwa yameshahamia kwenye mpira: Ligi Kuu ya Uingereza, Simba na Yanga. Mpira unajaza banda kwa sababu ukiutazama peke yako haunogi. Nami nikawaza, muvi nayo niifanyeje isinoge peke yako? Baba yangu alipenda kusimulia sinema ya Drive-in, ya kutazama ukiwa kwenye gari, pale Msasani, ambapo sasa pana ubalozi wa Marekani. Sijamsikia hata mara moja akisimulia kisa cha muvi. Alisimulia walivyojazana kwenye pikapu ya jirani, maandazi waliyobeba, na nani alikaa karibu na nani.

Vibali vitangulie. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Bodi ya Filamu, maana maonyesho ya hadhara yanasimamiwa na sheria tangu mwaka 1976. Na tafadhali usifungue akaunti yako ya kulipia muvi ukawakusanyia watu kiingilio: akaunti ile ni ya nyumbani kwako, haikupi haki ya kuonyesha hadharani. Mimi huwapigia watengenezaji wetu wenyewe. Wengi filamu zao hazijawahi kuonekana kwenye pazia kubwa, na wanafurahi kuombwa. Tunaandikiana karatasi, tunagawana kiingilio nusu kwa nusu, na namwomba mwenye filamu aje mwenyewe. Akija, siku hiyo viti havitoshi.

Vyombo si vingi. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) inatosha kwa pazia la upana wa mita tatu, ilimradi giza limeingia. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana huo, yaani kama mita nne na nusu. Pima kwa kamba kabla hujapanga mikeka. Pazia langu ni shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, nyuma nimezitia kitambaa cheusi mwanga usipenye. Ukingo wa chini uwe mita moja na robo kutoka ardhini, la sivyo wa nyuma watatazama visogo.

Sauti ndiyo nakusihi usiifanyie ubahili. Picha hafifu mtu huivumilia. Maneno yasiposikika anatoa simu yake, na akishaitoa umempoteza. Weka spika mbili pembeni mwa pazia, juu ya stendi, si chini kwenye mchanga. Kisha tembea mpaka mstari wa mwisho usikilize mazungumzo ya kunong'ona. Mwaka wangu wa kwanza niliazima spika moja kubwa ya harusi. Besi ilitikisa mabati, ila hakuna aliyejua mama wa bibi harusi alisema nini, na ndicho kilikuwa kiini cha filamu nzima. Watu waliondoka kimya. Yale yaliniuma kuliko hasara.

Umeme nao: nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, kwa ajili ya projekta. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa huungua mapema. Ile UPS inakupa dakika chache za kuizima taratibu huku mwenzako akiwasha jenereta, ambayo iwe mbali, nyuma ya ukuta. Filamu iwe ndani ya laptopu, na nakala kwenye flashi. Usitegemee bando.

Filamu ya lugha ngeni tafuta mtafsiri wa kusimama na maiki. Wengine wanaona ni ushamba. Mimi naona ni sanaa yetu. Kijana tuliye naye huitazama filamu mara tatu kabla ya siku yenyewe, na anajua kunyamaza. Mwanzoni alikuwa anafunika hata kilio cha mwigizaji. Nikamwambia, mtu akilia mwache alie. Tangu hapo wamama wanamwita "mwanangu".

Tunaanza saa mbili na robo usiku, isha imeshaswaliwa, na tunamaliza kabla ya saa nne na nusu ili akina mama na mabinti warudi njia ikiwa bado na watu. Kwa hiyo filamu isizidi dakika mia. Mikeka ya watoto mbele, viti nyuma, katikati acha njia. Muuza karanga na muuza kahawa waingie bure, nawe usiwatoze meza. Bibi mmoja jirani huja na kigoda chake kila wiki. Nafasi yake tunaiacha wazi hata akichelewa.

Filamu ikiisha usiwashe taa zote. Washa moja, weka taarabu kwa sauti ya chini, mwache muuza kahawa aendelee kumimina. Hapo ndipo wanaanza kubishana: yule mume alikosea, hapana, mke ndiye. Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Nimegundua pazia likishushwa tu wanainuka wote. Kunja nyaya, pakia spika, rudisha mabenchi, pazia liache lining'inie mpaka wa mwisho aage.