Binti Mfalme Asile Mahindi: Namna ya Kuandika Riwaya ya Kale

Mpwa wangu alinijia likizo ya mwisho wa mwaka na madaftari matatu ya riwaya yake. Ni kisa cha binti mfalme wa Mombasa, zama za kale, mwenye kichwa kigumu na jini anayemtii. Ukurasa wa pili, huyo binti ameketi ufukweni ala mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, kajitanda leso, kama yuko matembezini barabara ya Mama Ngina, Mombasa ya leo, jioni ya Jumapili. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na makosa mabaya kuliko hayo. Tukakaa wiki mbili kuirekebisha. Hatua tulizofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Chagua nchi, kisha chagua mwaka

"Zamani za kale" si mwaka. Andika tarakimu juu ya daftari.

Ukipenda Misri, mtazame Neferure, bintiye Hatshepsut, yule mwanamke aliyetawala kama firauni kiasi cha miaka 20 katika karne ya 15 K.K. Mlezi wake, Senenmut, alichongwa sanamu kadhaa akiwa amempakata. Baadaye habari za binti huyo zinakatika, na kwa mwandishi uzi uliokatika ni riziki. Ukipenda Kushi, ufalme wa kale kusini ya Misri, malkia wa Meroe, mji wake mkuu, waliitwa kandake. Yule aliyepigana na Warumi kuanzia kama mwaka wa 25 K.K., ambaye wanahistoria wengi humtaja kuwa Amanirenas, mwandishi Mgiriki wa zama hizo, Strabo, asema alikuwa chongo. Mwaka 1910 kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, mfalme wa Warumi, kilichimbuliwa Meroe, kimefukiwa mlangoni pa hekalu ili kila aingiaye amkanyage. Hapo una sura nzima ya kitabu bila kubuni kitu.

Lakini mimi nampa kila mtu shauri lile lile: anza kwenu. Sisi tunaye Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, yaani Mombasa ya kale, kabla ya utawala wa Shehe Mvita. Hakuna hati yake hata moja. Kuna kauli za wazee na koo zinazojinasibisha naye. Nafasi ya kubuni ni tele, na utakapokwama waweza kumuuliza bibi yako, jambo ambalo mwandishi wa Meroe hana.

Mpwa wangu alichagua 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja. Maneno yake kuhusu Mombasa ni machache, na kila moja ni dhahabu: watu wala ndizi na samaki, nafaka yaletwa kutoka bara, misikiti ni ya mbao, na kando ya milango yake pana visima vya kuoshea miguu kwa sababu watu hutembea pekupeku.

Hatua ya 2: Ukaidi wake uwe na bei

Binti mkaidi si binti wa kupayuka. Nimesoma miswada mingi ambamo ukaidi wote ni "sitaki kuolewa" na kupanda farasi usiku. Kukataa kuolewa ni sawa, ila onyesha kinachovunjika. Katika mji wa bandari ndoa ndiyo iliyomfanya mgeni awe mwenyeji, apate nyumba ya kushukia na mtu wa kumdhamini. Akikataa, babake apoteza mshirika na mji wapoteza mali ya msimu mzima. Hapo ndipo msomaji wa miaka kumi na tano ajiuliza kama binti ana haki, na akijiuliza hafungi kitabu.

Tulimpa shujaa wetu kitu kimoja cha kutamani: kupuliza siwa, baragumu la enzi. Najua siwa maarufu za Pate na Lamu ni za baadaye, lakini pembe za enzi ni jambo la kale pwani hii, na hapo niliiachia hadithi ipite.

Hatua ya 3: Ondoa visivyokuwapo

Hapa ndipo nilipopoteza usiku wangu, basi vumilia.

Anza na chakula, ndicho chepesi. Mahindi, muhogo, karanga, tungule, pilipili hoho, papai, nanasi, korosho na tumbaku vyote asili yake ni Amerika. Columbus alivuka mwaka 1492, Vasco da Gama akafika kwetu 1498. Hadithi ikiwa kabla ya hapo, ving'oe vyote. Karafuu ina hila yake: mfuko wa karafuu kutoka mashariki ya mbali, katika shehena ya mfanyabiashara, ni sawa, shamba la karafuu Unguja ni la karne ya 19. Pilipili manga ruhusa. Chai hapana, hata kama mgeni ana kiu. Kilichobaki si haba: samaki, nazi, ndizi, mtama, mawele, mchele, malimau, asali, tambuu.

"Mjomba, sasa atakula nini kitamu?" aliniuliza. Nilimwambia asome tena ukurasa wa Ibn Battuta. Tutarudi hapo.

Kisha maneno yenyewe. Leso, meza, bendera, gereza, mvinyo: yote tuliyapata kwa Wareno. Nilipogundua hilo nilishikwa na wazimu, nikaanza kufuta kila neno lenye asili ya ugenini mpaka nikajikuta natilia shaka "kalamu" na "kitabu". Usifanye hivyo. Ukiendelea utabaki na vitenzi na jina la mama yako. Kanuni yangu sasa: msimulizi atumie Kiswahili chake cha leo, ila *kitu* kiwe kilikuwapo. Meza naiondoa kwa sababu ya mkao, si kwa sababu ya neno. Watu walioketi jamvini wakila chanoni hawainuki kwa hasira kama walio kitini, na mtumishi huinama kwa namna nyingine. Leso naiondoa kwa kuwa vazi lenyewe halikuwapo. Mpe shuka ya pamba na ukaya. Dakika na saa ziondoe pia. "Baina ya magharibi na isha" yamweleza msomaji wetu wakati barabara, tena kwa uzuri.

Sasa upepo. Katika riwaya yangu ile ya kwanza, binti alitoroka Mombasa mwezi wa Januari kwa chombo kwenda Aden. Nilikuwa nimeandika sura kumi na mbili. Nikampa nahodha mmoja mzee wa Mji wa Kale, jirani yetu, anisomee. Alifika sura ya nne akavua miwani: "Huyu mwanao anakwenda Aden au Kilwa?" Januari ni kaskazi. Upepo watoka kaskazini mashariki, ndio unaozileta jahazi kutoka Arabuni, na wasukuma chombo kusini. Kurudi juu wasubiri kusi, upepo wa kutoka kusini, tangu kama Aprili, na hata huko katikati, Juni na Julai, bahari huchafuka mno na wenye akili hawatoki. Kwa hiyo binti wangu alikuwa na nafasi mbili tu: mwanzo wa kusi au mwisho wake.

Ungedhani ni kubadilisha jina la mwezi. Siyo. Safari ikihama, harusi yahama, mvua za masika zaingia katikati ya sura iliyokuwa na vumbi, wageni waliopaswa kuwa mjini wameshaondoka. Na Ramadhani nayo haikai mahali pamoja, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Sharti uihesabu kwa mwaka wako. Mwaka wa mpwa wangu tuliihesabu: Ramadhani ya 731 Hijria iliingia Juni 1331, ndani ya kusi kali. Mji umefunga saumu, bandari imefunga bahari, na binti yumo ndani hana pa kukimbilia. Hatukubuni hilo, tulilikuta.

Chombo chenyewe kiwe mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, tanga limesukwa kwa miyaa. Ukiandika "misumari ililia kwa dhoruba" utanitia huzuni.

Kwa kazi hii tumia karatasi ya manila ukutani, safu kumi na mbili za miezi, penseli na kifutio. Nimeonyeshwa programu za simu za kupanga hadithi, hazinishawishi. Manila waiona ukiwa wanywa kahawa, na kosa lakurukia machoni.

Hatua ya 4: Uchawi

Jini mmoja, sharti moja, gharama moja. Jini wa mpwa wangu hutii tu ikiwa binti hajasema uongo tangu alfajiri, na kwa binti anayetaka kutoroka hilo ni gumu kuliko pingu. Joka la kutema moto liacheni huko lilikotoka.

Hatua ya 5: Andika

Kurasa mbili kila siku, kwa mkono.

Hatua ya 6: Wasomee rika lake

Si mimi, si mwalimu. Aliwasomea wenzake watano barazani, nami nikakaa mbali na kikombe changu nikiangalia nani anachukua simu na katika sentensi gani. Walichukua simu pale nilipokuwa nimemlazimisha aeleze ukoo mzima wa mfalme. Tuliukata.

Hawakugusa simu kwenye tukio la ufukweni. Ibn Battuta anataja tunda la Mombasa lenye sura ya zeituni na tamu sana, analiita jamuni. Ni jamaa ya zambarau zetu. Mahindi yakatoka, zambarau zikaingia. Binti akazila akiwa amejificha, akarudi nyumbani, babake akamuuliza alikuwa wapi. Hakuwahi kudanganya. Alifungua kinywa kujibu, na ulimi wake ulikuwa umeshasema.

Sasa limebaki moja: nimemtuma akaangalie zambarau huiva mwezi gani, kisha aende kwenye manila.