Maji ya kuoshea bomba la dawa: usifungulie koki yote

Kosa ni lile lile karibu kila shamba ninalopita. Mkulima amepanga vizuri mapipa ya kusafishia maji aliyooshea bomba la kupulizia dawa: la kwanza lina vyuma vinavyopitishiwa umeme wa sola, la pili limejaa mkaa wa mabua uliochomwa bila hewa. Akiona maji ya tope yametakata, anafungulia koki yote, maji yanapita kwenye mkaa mbio, kisha anamwagilia miche akiamini dawa imebaki nyuma. Haijabaki.

Kutakata huko ni kazi ya umeme. Chuma cha upande wa chanya huliwa kidogo kidogo, kutu yake hushikamana na udongo na vyote vikazama. Dawa iliyoyeyuka haizami. Atrazini, kiuagugu kinachopendwa kwenye mahindi, huyeyuka hadi miligramu 33 hivi katika lita moja, na maji yakabaki maangavu. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.003 kwa lita. Jicho halitakwambia tofauti hiyo, hata ukikodoa vipi.

Anayeikamata ni mkaa, na mkaa unataka muda, kwa sababu dawa ni lazima ipenye ndani ya vitundu vya punje. Upe nusu saa. Ikiwa mkaa umechukua ujazo wa lita 20, usipitishe zaidi ya lita 40 kwa saa. Shika kopo la lita 1 na saa: lijae kwa sekunde 90, si chini ya hapo. Juzi nilipima kwa mkulima mmoja, likajaa kwa sekunde 9. Maji yalikaa kwenye mkaa dakika 3 tu! Ameshatumia fedha kununua paneli na mapipa, halafu nusu saa inamshinda? Pima upya kila unapojaza pipa la kwanza, maana uzito wa maji mapya huongeza kasi.

Chekecha punje za milimita 1 hadi 2. Unga huziba, na kwenye mapande makubwa maji hupenya pembeni bila kuguswa. Loweka mkaa siku nzima kabla ya kuutumia. Utaona viputo vikipanda. Hewa isipotoka, maji hujichagulia njia chache na mkaa mwingine unakaa bure.

Kwa umeme, mkondo wa ampea 1 kwa saa 1 huyeyusha takriban gramu 1 ya chuma, kiasi cha kuanzia kwa lita 20 za maji. Kisha tuamisha saa 2. Tumia chuma kinachoshika kutu. Kile kisichoshika kutu kina kromiamu, metali inayoweza kuyeyuka na kuwa sumu ndani ya maji. Pipa liwe wazi, mbali na moto, kwani haidrojeni, gesi inayolipuka, hutoka humo. Na tafadhali, acheni kutia chumvi ili umeme uende haraka: klorini inaweza kuzaliwa, ikaungana na mabaki ya dawa na kuunda sumu nyingine, na chumvi yenyewe huunguza miche.

Kama dawa imenaswa, sampuli ya maabara itaonyesha.

Maji haya si ya kunywa, hata yakipimwa. Mkaa uliochoka usiufukie bustanini, utairudisha dawa kwenye udongo. Ukaushe, uufunge, uuhifadhi pamoja na makopo matupu ya dawa hadi yatakapokusanywa.