Diski mpya ya SSD inapokataa mfumo endeshi: namna ya kulitafuta kosa

Mwalimu mmoja kutoka Ahero aliniletea laptopu yake hapa Kondele akiwa amekata tamaa. Alikuwa amenunua diski mpya ya SSD mjini Kisumu, akaifunga mwenyewe na kuandaa flashi yenye Windows, lakini ukurasa wa kuchagua diski ulipofunguka ulikuwa mtupu. "Fundi, diski hii ni mbovu, nisaidie niirudishe dukani," akaniambia. Diski ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa imechomekwa katika sloti isiyoweza kuitambua. Nimeona diski nyingi nzima zikirudishwa kwa namna hiyo, na mbovu zikihangaikiwa wiki nzima, kwa sababu watu huanza kujaribu dawa kabla ya kujua usakinishaji umekwama wapi.

Mfumo endeshi hauwezi kuingia kwenye diski mpaka mambo manne yatimie kwa kufuatana. Kwanza BIOS ya mashine, yaani programu ndogo ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ione diski. Pili programu ya usakinishaji iione. Tatu iweze kuigawa na kuiandikia. Na mwisho mashine ijue kuwaka kutoka kwenye diski hiyo. Tafuta jambo la kwanza lililoshindikana, ushughulike na hilo tu, wala usiguse yanayofuata mpaka hilo litengemae.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, nakili data yote iliyo kwenye diski ya zamani na uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kweli inasomeka. Tazama na mbingu pia. Alasiri za msimu wa mvua, mawingu yakishakusanyika upande wa Nandi, stima inaweza kukatika wakati wowote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, ikizimika katikati ya kunakili faili, utaanza upya. Ikizimika wakati wa kusasisha BIOS, huenda isiwake tena. Laptopu nayo iwe na betri inayoweza kukaa angalau saa moja bila chaja.

Sasa anza na BIOS. Katika mashine nyingi za HP hufunguliwa kwa kubonyeza F10 mara tu baada ya kuwasha, za Dell kwa F2, na za Lenovo kwa F1 au F2. Tafuta orodha ya diski. Ikiwa jina au ukubwa wa diski yako haumo, acha kabisa kuhangaika na flashi na Windows, kwa maana tatizo liko kwenye chuma, yaani diski au sloti yenyewe. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na uchomoe kiunganishi cha betri kabla ya kugusa chochote ndani.

Diski nyembamba ya aina ya M.2 huingia kwenye sloti ikiwa imeinama kidogo, kisha hulazwa na kukazwa kwa skrubu moja ndogo. Itazame kwa karibu: ikiwa meno ya dhahabu bado yanaonekana sana nje ya sloti, au diski imekaa upande upande, haijaingia. Ichomoe, uirudishe kwa mkono mtulivu mpaka uhisi imekaa, ndipo uilaze. Bila ile skrubu, diski huinuka taratibu yenyewe, na hapo ndipo huonekana leo na kupotea kesho. Namba 2280 iliyoandikwa kwenye diski nyingi ina maana ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, kwa hiyo hakikisha mashine yako ina tundu la skrubu kwa urefu huo.

Hapa ndipo mwalimu wa Ahero alipokwama, na ni kosa linalowapata wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Diski za M.2 ziko za namna mbili zinazofanana sana kwa umbo. Moja hutumia njia ya SATA, ambayo kasi yake haivuki sana megabaiti 550 kwa sekunde. Nyingine hutumia NVMe, ambayo hupita kwenye njia za kasi za ubao mama ziitwazo PCIe na inaweza kuwa na kasi mara kadhaa zaidi. Mara nyingi ya SATA huwa na mapengo mawili kwenye meno yake na ya NVMe huwa na pengo moja, lakini usitegemee macho peke yake, soma kibandiko. Kuna sloti zinazokubali zote mbili, kuna zinazokubali SATA tu, na kuna zinazokubali NVMe tu. Diski ya SATA inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye sloti ya NVMe, ikakazwa skrubu, na isionekane milele. Namba kamili ya modeli ya laptopu, iliyoandikwa chini yake, ndiyo itakayokuwezesha kupata maelezo ya mtengenezaji kuhusu sloti hiyo. Tulibadilishiwa ile ya mwalimu kwa ya NVMe yenye ukubwa uleule, na BIOS ikaiona papo hapo.

Kwa diski ya inchi 2.5 kazi ni nyepesi: badilisha kebo, kisha badilisha mlango wa SATA.

Ikiwa BIOS inaiona diski lakini programu ya Windows haiioni, diski kwa kawaida haina kosa. Katika laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski huwekwa chini ya mpangilio uitwao VMD, na flashi ya Windows huenda isiwe na draiva yake, yaani programu ndogo ya kuufanya utambulike. Una njia mbili. Unaweza kuzima VMD ndani ya BIOS, jambo ambalo ni sawa kwa mashine isiyo na mfumo mwingine. Lakini ikiwa kuna Windows ya zamani kwenye diski nyingine ambayo bado unaihitaji, inaweza kukataa kuwaka baada ya badiliko hilo. Kwa hali hiyo pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue mpaka uone faili inayoishia na inf, inakili kwenye flashi, kisha uipakie kwenye ukurasa uleule wa kuchagua diski. Ili kuthibitisha, mimi huwasha mashine kwa flashi ya Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, bila kusakinisha chochote na kuandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, kwenye terminali, yaani dirisha la amri. Ubuntu ikiiona diski, sina tena sababu ya kuilaumu.

Diski ikionekana lakini ikakataliwa, mara nyingi mgogoro ni kati ya GPT na MBR, yaani namna mbili za kuandika ramani ya diski. Mashine iliyowashwa kwa UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, hudai GPT. Iliyowashwa kwa mtindo wa zamani huikataa GPT. Flashi moja inaweza kujitokeza mara mbili kwenye menyu ya kuwashia. Chagua ile yenye neno UEFI. Kama bado diski inakataliwa kwa sababu ya MBR, bonyeza Shift pamoja na F10, andika diskpart, kisha list disk, na usimame hapo.

Simama kweli, kwa sababu amri inayofuata haina huruma. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilidhani diski namba 0 lazima iwe ile mpya, nikafuta diski ya mama mmoja iliyokuwa na picha za harusi ya bintiye, na picha hizo hazikurudi zote. Tangu siku hiyo huchomoa kila diski nisiyoisakinishia, kisha hulinganisha ukubwa. Usishtuke ukiona pungufu: diski ya gigabaiti 256 huonekana kama 238 hivi, na ya terabaiti 1 kama 931, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Ukishakuwa na hakika, andika select disk pamoja na namba yake, kisha clean, ambayo ndiyo inayofuta diski yote, kisha convert gpt. Funga dirisha hilo, uonyeshe upya orodha, na uchague nafasi tupu yote; Windows itaigawa yenyewe.

Kazi ikikatika katikati ya kunakili, hasa kwa kosa 0x8007025D, shuku flashi na faili uliyopakua kabla ya kushuku diski. Faili ya Windows 11 huzidi gigabaiti 5, na bando likikatika njiani unaweza kubaki na faili lenye kasoro bila kujua. Andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe matokeo na namba iliyotolewa na Microsoft. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofikia gigabaiti 4, kwa hiyo tumia programu ya kuandaa flashi kama Rufus badala ya kunakili kwa mkono. Flashi ya bei ya kutupa sokoni huweza pia kudanganya ukubwa wake. Yote yakiwa salama, jaribu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kijiti kimoja kimoja.

Ikiwa ni kompyuta yenyewe inayokataliwa na Windows 11, SSD haitasaidia. Mfumo huo hudai TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, na laptopu nyingi za mtumba hazina TPM hiyo. Uungaji mkono wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mashine za namna hiyo, hasa za shule, mimi hupendelea kuweka Linux.

Usakinishaji ukimalizika kisha ukaanza tena kutoka mwanzo, chomoa flashi mashine inapojiwasha upya. Ikikataa kuwaka, panga SSD iwe ya kwanza kwenye BIOS. Kompyuta kuukuu inayosahau mpangilio huo kila stima inapopotea inahitaji betri mpya ya CR2032. Na ikiwa SSD huwaka tu wakati diski ya zamani imechomekwa, sehemu ya EFI, yenye faili za kuwashia, iliandikwa kwenye ile ya zamani; ichomoe, usakinishe upya SSD ikiwa peke yake.

Diski ambayo haionekani katika BIOS ya mashine mbili tofauti, zote zikiwa na sloti ya aina yake, ndiyo ya kurudishwa. Ipeleke na risiti pamoja na kifungashio chake, na umwonyeshe muuzaji picha za skrini za BIOS za mashine zote mbili.